Gari la Ijara na Jina Lake: Jinsi Sheria Ilivyoyapambanua Magari ya Biashara Katika Kenya

Neno gari katika Kiswahili ni kongwe kuliko motokaa. Lilifika pwani kutoka lugha za Bara Hindi, likatumika kwa gari la ng'ombe na gari la kusukumwa na mahamali, kisha likapanda juu ya reli likawa gari la moshi, na hatimaye likakipokea chombo kiendacho kwa petroli. Katika safari hiyo yote neno lilitaja umbo la chombo, wala halikutaja kazi yake. Kilichokwenda kwa magurudumu kilikuwa gari, awe mwenyewe amewapakia watoto wake kwenda shamba, au amewapakia watu asiowajua kwa nauli. Sheria haikuweza kuridhika na upana huo. Sheria hutoza ada, hukagua, hukataza na huadhibu, na kila moja ya kazi hizo hudai kwanza jibu la swali ambalo kwa mtazamo wa juu juu laonekana jepesi: gari la biashara ni lipi?

Na litwaliwe kwa mfano gari moja tu, Peugeot 404 yenye sanduku wazi nyuma, ambayo katika miaka ya 1970 ilijulikana sana katika barabara za Kenya. Alfajiri yapeleka sokoni kabichi za mwenyewe. Adhuhuri yachukua magunia ya jirani kwa malipo. Jioni imefunikwa turubai, imewekwa mabao mawili ya kukalia, na watu wamejipanga humo wakitazamana magoti kwa magoti. Injini haikubadilika, dereva ni yule yule, na vumbi la barabara ni lile lile. Lakini machoni pa sheria chombo hicho kimekuwa vitu vitatu katika siku moja. Jambo lililokigeuza si chuma chake, bali ni fedha iliyopita mkononi, na aina ya mzigo ulioleta fedha hiyo. Ndiyo maana historia ya kupambanua magari ya biashara si habari ya ufundi wa mitambo. Ni habari ya nani alilindwa kwa mpaka uliochorwa, na nani aliachwa nje yake.

Mizizi ya mpaka huo iko Uingereza. Baada ya vita vya 1914 hadi 1918 malori mengi ya jeshi yaliuzwa kwa bei nafuu, na askari waliorejea nyumbani wakayatumia kuchukulia mizigo, wakishindana na makampuni ya reli. Serikali iliona mambo mawili ya kutengeneza: usalama wa njia, na mashindano ambayo reli iliyalalamikia. Sheria ya Barabara ya mwaka 1930 iliyagawa magari ya abiria mafungu matatu: yapitayo njia maalumu yakipokea nauli ya kila mtu kutoka kituo hadi kituo, ya mwendo mrefu, ambayo nauli yake haikupungua shilingi moja, na yaliyokodiwa mazima na kundi moja. Miaka mitatu baadaye, kwa kufuata ushauri wa mkutano ulioongozwa na Sir Arthur Salter mwaka 1932, sheria nyingine iliyapanga magari ya mizigo kwa herufi. Leseni ya A ilikuwa ya mchukuzi wa umma, yaani yule achukuaye mali ya watu wengine kwa malipo. Leseni ya B ilikuwa ya mchukuzi mwenye mipaka, aliyechanganya mali yake na ya wengine. Leseni ya C ilikuwa ya mchukuzi wa mali yake mwenyewe tu. Katika mgawanyo huu wote nguzo ilikuwa moja, nayo ni ijara au ujira. Anayelipwa ni wa daraja hili. Asiyelipwa ni wa daraja lile.

Mgawanyo huo ulipoletwa Kenya ulikuta ardhi iliyokwisha kulimwa. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901 ilikuwa mali kubwa kuliko zote ambazo serikali ya kikoloni iliitegemea. Viwango vyake vya nauli vilipangwa kwa hesabu maalumu: bidhaa za thamani zilizotoka ng'ambo zilitozwa sana, na mazao yaliyopelekwa ng'ambo yakatozwa kidogo, hata nguo ya dukani ikawa yalipa sehemu ya gharama ya gunia la mahindi. Lori liliweza kuivunja hesabu hiyo kwa urahisi mkubwa. Mwenye lori angechagua mizigo myepesi yenye faida na kuiachia reli mahindi. Basi sheria ya leseni za uchukuzi iliyotungwa mwaka 1937 ilileta zile herufi tatu za Uingereza, ikaweka na Halmashauri ya Leseni za Uchukuzi. Aliyetaka leseni alipaswa kuonyesha kwamba huduma yake ilihitajiwa, na wachukuzi waliokuwako kabla yake, reli ikiwa miongoni mwao, walikuwa na haki ya kumpinga. Kwa maneno mengine, daraja la gari halikupimwa kwa gari lenyewe. Lilipimwa kwa hasara ambayo gari hilo lingeweza kumtia mwingine.

Sheria ya Barabara ya mwaka 1953 iliongeza kipimo cha pili, nacho ndicho kilichokaa muda mrefu zaidi. Ndani yake gari la biashara ni lile lililoundwa au kugeuzwa kwa ajili ya kuchukua mizigo katika shughuli ya biashara, kazi au kilimo. Na pikipiki imetolewa waziwazi katika maana hiyo. Gari la biashara likizidi kiasi cha tani tatu kabla ya kupakiwa, huitwa zito. Gari lichukualo watu kwa ijara halimo katika jina hilo hata kidogo. Lenyewe limepewa jina la gari la utumishi wa umma.

Mwanafunzi wa lugha atauona upesi ukinzani uliomo. Basi la abiria, ambalo mwenyewe hulitia barabarani kwa faida na kwa faida tu, kwa lugha ya sheria si gari la biashara. Lori la mkulima lipelekalo kahawa yake mwenyewe kiwandani, lisilomkodisha mtu hata inchi moja ya nafasi yake, ndilo gari la biashara. Tofauti hii si mchezo wa maneno. Sheria ilidhani kwamba mzigo ni jambo la mali, na mtu ni jambo la amana. Kwa hiyo chombo cha mzigo kikaguliwe kwa uzito wake na chombo cha mtu kikaguliwe kwa uaminifu wake. Dhana hiyo ni njema. Upungufu wake ni kwamba ilitegemea watu wasafiri katika magari yaliyoundwa kwa ajili ya watu.

Matokeo yake yalionekana hasa katika bima. Sheria ya bima ya magari iliyorithiwa kutoka zama za ukoloni humlazimisha kila mwenye gari awe na bima kwa ajili ya watu wa nje wanaoweza kuumizwa na gari lake. Walakini haimlazimishi kuwa na bima kwa ajili ya watu waliomo ndani ya gari, ila kama gari hilo ni la kuchukua abiria kwa ijara au ujira, au abiria amo humo kwa sababu ya kazi aliyoajiriwa. Maana yake ni hii: mtembea kwa miguu aliyegongwa na lori ana pa kushika, mtu aliyekaa juu ya magunia ya lori hilo hilo, akiwa amelipa senti zake, huenda asiwe na pa kushika. Gari lilikatiwa bima kama chombo cha mizigo, na mkataba wa bima haukumjua. Neno moja katika hati, mzigo au abiria, lilitosha kuamua kama mjane atalipwa au ataambiwa amfuate mwenye gari, ambaye mara nyingi mali yake yote ilikuwa ni hilo gari lililokwisha pondeka.

Hatari hiyo ilikuwa ndogo maadamu wasafiri walikuwa wachache. Nairobi ilikuwa na mabasi ya Kenya Bus Service tangu mwaka 1934, nayo yalihudumia mji ambao watu weusi wengi walizuiwa kuhamia kwa hiari. Uhuru wa mwaka 1963 uliivunja ile ngome. Hesabu ya watu ya mwaka 1962 iliikuta Nairobi na watu 266,000 na zaidi kidogo. Ile ya mwaka 1969, mipaka ya mji ikiwa imekwisha kupanuliwa, iliwakuta watu zaidi ya 509,000. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1966, Halmashauri ya Mji iliipa kampuni ile ya mabasi haki ya peke yake ya kuchukua abiria mjini, nayo ikapata robo ya hisa za kampuni. Mpango huo ulikuwa na busara yake: mji ungepata sehemu ya faida na sauti katika uendeshaji. Lakini mabasi hayakuongezeka kwa kasi ya watu, na mitaa mingi mipya ilikuwa mbali na njia zake.

Pengo hilo likajazwa na vigari vikuukuu na magari madogo ya mizigo yaliyotiwa mabao. Nauli ilikuwa senti thelathini, yaani sarafu tatu za senti kumi kumi, na kwa kauli iliyoenea hiyo ndiyo asili ya neno matatu, kutoka hesabu ya Kikikuyu ambayo msemaji wa Kiswahili naye aisikia kama ndugu wa tatu yake. Hapa pana jambo la kuzingatiwa. Watu wa mjini hawakukiita chombo chao kwa umbo lake, kwa kuwa umbo lilitofautiana siku hata siku. Wala hawakukiita kwa daraja lake la sheria, kwa kuwa hakikuwa nalo. Walikiita kwa nauli yake. Bila kukusudia walishika nguzo ile ile ya watunga sheria wa mwaka 1930, yaani ijara, ila wao waliitazama kutoka upande wa yule anayeitoa.

Kwa lugha ya polisi vyombo hivi vilikuwa magari ya magendo. Havikuwa na leseni ya kuchukua abiria, na katika vitabu vya serikali vingi viliandikwa kama vya mizigo au vya nyumbani. Dereva alikamatwa, akalipa faini, akarudi barabarani kesho yake, maana faini ilikuwa imekwisha kuwa sehemu ya gharama, kama petroli na matairi. Ndipo mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta alipotoa amri kwamba matatu zichukue abiria wa kulipa bila kulazimishwa kupata leseni maalumu, mradi zifuate kanuni za bima na za barabara. Amri hiyo iliwafungulia riziki maelfu ya watu wenye mtaji mdogo, na hapana shaka iliwafikisha makazini watu wengi ambao wangekwenda kwa miguu. Lakini yafaa ipimwe na kwa upande wa pili. Leseni ilikuwa na maana ya ada, na ilikuwa na maana ya ukaguzi pia. Aliyesamehewa ya kwanza alisamehewa na ya pili. Matatu sasa ilikuwa imeruhusiwa kwa jina, lakini katika kifungu cha maana ya maneno ndani ya Sheria ya Barabara jina hilo halikuwamo. Na sharti la bima lilitegemea kifungu kile kile cha ijara, katika magari ambayo hati zake ziliendelea kusema mizigo. Kwa muda wa miaka kumi na mmoja Kenya ilikuwa na aina ya gari iliyojulikana na kila mtoto na isiyojulikana na sheria.

Si Kenya peke yake iliyokumbana na fumbo hili, na mfano wa jirani waonyesha kwamba njia ya kukataza haikufika mbali zaidi kuliko njia ya kusamehe. Mwaka huo huo wa 1973 Tanzania ilitunga Sheria ya Usalama Barabarani na Sheria ya Leseni za Usafirishaji. Kampuni ya mabasi ya Dar es Salaam ilikuwa imetaifishwa mwaka 1970, na mwaka 1974 ikagawanywa, UDA ikichukua njia za mjini na KAMATA zile za mikoani. Gari la mtu binafsi lenye kuchukua abiria mjini halikupewa nafasi katika mpango huo. Likaingia barabarani hata hivyo, wakati mabasi ya UDA yalipopungua kwa kukosa vipuri na fedha za kigeni. Na mwaka 1983, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, magari ya watu binafsi yakaruhusiwa. Jina walilopewa na abiria lilikuwa daladala, kutokana na dala, yaani sarafu ya shilingi tano iliyokuwa nauli yake. Kwa njia mbili zilizopingana kisiasa, miji miwili ilifika kwenye chombo kimoja, na kila mji ukakiita kwa sarafu.

Kenya ilikimaliza kipindi cha kimya mwaka 1984, Bunge liliporekebisha Sheria ya Barabara. Neno matatu likaingia katika sheria iliyoandikwa kwa Kiingereza, na maana yake ikatajwa hivi kwa ufupi: gari la utumishi wa umma lenye viti vya abiria wasiozidi 25, dereva hahesabiwi, lakini lisiwe motokaa ndogo. Kwa kifungu hicho leseni na ukaguzi vikarudi. Watunga sheria walikuwa na maneno mengi ya Kiingereza ya kuchagua, na kila moja lingesema uongo kidogo, kwa maana hakuna hata moja lililochukua pamoja udogo wa chombo, ijara yake na desturi yake ya kungoja mpaka kijae. Neno la abiria ndilo lililotosha. Ni mara chache katika historia ya sheria za nchi hii neno kupanda kutoka midomo ya makanga hadi kitabu cha Bunge pasipo kubadilishwa hata silabi.

Kuwa na jina ni mwanzo wa kuwajibika, si mwisho wake. Masharti yaliyotangazwa mwaka 2003 na Waziri wa Uchukuzi John Michuki, na kuanza kushikwa barabara tarehe 1 Februari 2004, yaliitazama matatu kama chombo cha watu kwa kila hali: kidhibiti mwendo kisichoruhusu zaidi ya kilomita 80 kwa saa, mikanda ya viti, mstari wa manjano ubavuni ulioandikwa njia yake, na sare kwa dereva na kondakta. Mwaka 2012 sheria mpya ikaunda mamlaka ya taifa ya uchukuzi na usalama, na ile Halmashauri ya Leseni iliyoasisiwa mwaka 1937 ikafikia ukomo. Kanuni za mwaka 2014 zikamtaka mwenye gari la abiria awe ndani ya chama au kampuni yenye magari yasiyopungua 30. Hapo mpaka ukahama tena. Mwaka 1937 kilichopewa daraja kilikuwa ni malipo, na mwaka 1984 ni idadi ya viti. Sasa ni jamaa ambayo gari ni mmoja wao.

Wakati sheria ikiutengeneza mlango wa mbele, chombo kingine kilipita mlango wa nyuma. Ile sheria ya mwaka 1953 iliitoa pikipiki katika maana ya gari la biashara, kwa kuwa zamani hizo pikipiki ilikuwa chombo cha mtu mmoja na safari yake. Jina bodaboda lilizaliwa kwa baiskeli zilizovusha watu na mizigo katika mpaka wa Kenya na Uganda. Pikipiki ililirithi, na baada ya kodi ya ongezeko la thamani kuondolewa mwaka 2008 kwa pikipiki ndogo zisizofikia ukubwa wa sentimita za ujazo 250, ikaenea nchi nzima. Ikachukua abiria, ikachukua magunia, ikachukua mbuzi na majeneza. Kila lililosemwa juu ya Peugeot ya miaka ya 1970 lingeweza kusemwa juu yake: umma uliitumia kabla sheria haijaijua, na majeruhi walifika hospitali kabla kanuni hazijafika kwenye gazeti la serikali. Fumbo lilikuwa lile lile, limepunguziwa magurudumu mawili.

Upande wa mizigo nao haukusimama. Uingereza yenyewe iliziacha herufi A, B na C kwa sheria ya mwaka 1968, ikaweka leseni ya mwendeshaji kwa magari yazidiyo uzito fulani, pasipo kujali mali iliyomo ni ya nani. Afrika Mashariki nayo imeelekea huko. Sheria ya Jumuiya ya mwaka 2013 juu ya kudhibiti uzito wa magari huhesabu mihimili ya magurudumu na mzigo ulio juu ya kila mmoja, na haikubali jumla izidi tani 56. Mizani iliyowekwa kando ya barabara haimuulizi dereva kama kahawa ni yake au ya jirani. Zamani daraja la lori lilichorwa ili kuilinda reli. Sasa lachorwa ili kuilinda lami.

Ukifuatwa uzi huu kutoka mwanzo hadi mwisho, yaonekana kwamba hakuna maana moja ya gari la biashara iliyokuwa kweli na nyingine uongo. Kila maana ilikuwa kweli kwa kile iliyokusudia kukilinda, na kila moja ilikuwa na mtu iliyemsahau. Sheria ya 1937 iliikumbuka reli ikamsahau msafiri wa mtaani. Amri ya 1973 ilimkumbuka mwenye gari ikamsahau aliyekaa juu ya ubao. Kifungu cha 1984 kilimkumbuka yule wa ubao, na hakikuweza kumwona yule ambaye baadaye angepanda nyuma ya pikipiki. Kwa hiyo mwenye kupima sheria ya aina hii asianze na magurudumu wala viti. Aanze na swali la yule mjane: gari hili likipinduka leo, hati yake yamtaja aliyemo ndani kuwa ni nani? Ikimtaja kuwa abiria, sheria imefanya kazi yake. Ikimtaja kuwa mzigo, au isimtaje kabisa, basi maana ya neno bado haijapatikana, hata kama kitabu kina kurasa mia.